Njia ya kwenda Jamaika inaanzia hapa kwetu

Kila tukitayarisha siku ya utamaduni, kuna wazee wanaotuuliza: "Ninyi watu wa rege, munatafuta nini humu? Ile ni mambo ya Jamaika na bangi." Leo tunawajibu kwa heshima, lakini bila kuficha: wazee wetu, hapo munakosea.

Ndiyo, tunaipenda rege. Tunaota siku moja kufika Kingston, kuingia nyumba ya Bob Marley ya Hope Road, ambayo sasa ni makumbusho, kisha kupanda mpaka Nine Mile, pale alipozaliwa mwaka 1945 na pale alipozikwa. Lakini tukifika kule tutakuta nini? Tutakuta kwetu!

Mashariki ya kile kisiwa, katika Saint Thomas, wako watu wa Kumina. Babu zao wengi ni Bakongo waliopelekwa kule kufanya kazi ya mashamba kati ya miaka ya 1840 na 1860, utumwa ukiwa umekwisha kufutwa. Mpiga ngoma anaikalia ngoma kama farasi, anaipiga kwa mikono, kisigino kinabadilisha sauti. Mwenzake yuko nyuma, anagonga mwili wa ngoma kwa vijiti. Mungu wao wanamwita Zambi. Nani kati ya Bakongo atakosa kulitambua jina hilo? Ngoma hizo zilisaidia kuzaa ngoma za Marasta, na mapigo ya Marasta yakaingia katika rege.

Na Nyabinghi je? Ndiyo jina la ngoma na ibada ya Marasta. Nyabingi ni roho iliyoheshimiwa kwenye mipaka ya Rwanda na Uganda, jirani na Kivu yetu. Muhumuza, mwanamke aliyepigana kwa jina hilo, alishikwa na Waingereza mwaka 1911. Mwaka 1935 habari ya Nyabingi ikafika Jamaika kupitia gazeti, ikiwa imechanganywa na uongo mwingi. Marasta wakaliokota jina, wakalitukuza. Na siye? Tulisema ni la shetani, tukalitupa.

Basi hatuwagombezi wazee peke yao, tunajigombeza na siye. Nyimbo za Marley tunazijua kwa kichwa, lakini tukiulizwa jina la ngoma ya babu, kimya! Tunafuga rasta, tunahesabu pesa ya ndege, na mzee anayejua kupiga iko nyumba ya tatu, hata hatumusalimiaka. Siku akifa, nani atatufundisha? UNESCO iliandika rege katika urithi wa watu wote mwaka 2018, na rumba ya Kongo zote mbili mwaka 2021. Ni vizuri. Lakini karatasi haipigi ngoma.

Wazee, mutufungulie mlango, mutufundishe. Vijana, twende kwanza kwa jirani yule. Anayefika Jamaika bila kujua ngoma ya kwao atarudi na kofia tu.