Ukinyonga baiskeli hadi Turkana, lipia maji

Kuna picha moja inazunguka sana mtandaoni. Baiskeli imeegemezwa kwenye jiwe, nyuma yake ni mchanga na anga, chini imeandikwa "hapa hakuna kitu, ni mimi na barabara tu". Mara nyingi ni kati ya Lodwar na Kalokol, njia ya kwenda Ghuba ya Ferguson kwenye Ziwa Turkana. Wasee, hiyo caption ni uongo. Kama ulifika ziwani ukiwa hai, kuna mtu alikupa maji.

Tupige hesabu. Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60. Mtu wa Nairobi akisikia 60 anacheka, maana hiyo ni Jumapili ya kawaida na bado ubaki na nguvu. Lakini Lodwar joto la mchana huwa kama nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na upepo wa kutoka upande wa ziwa unakupiga usoni asubuhi, saa ile ungependa kwenda mbio. Ongeza miiba ya mathenge. Ule mti uliletwa kuzuia jangwa, sasa umejaa kando ya barabara na kingo za laga, na mwiba wake unapita tairi kama sindano. Kila pancha ni nusu saa juani, na kila nusu saa juani ni maji.

Nilipoenda tulikuwa watatu, kila mmoja na lita tano. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Kufika saa nne, nusu ilikuwa imeisha na barabara bado ndefu. Tukakuta akina mama kwenye laga kavu wamechimba shimo mchangani, wanachota kwa kikombe, polepole, hadi jerikeni ijae. Mmoja wetu aliyejua Kiturkana kidogo akasalimia, tukapatana bei kabla ya kufungua chupa yoyote. Mama akacheka, akasema watu wa baiskeli huwa wanaomba tu.

Hapo ndipo penye shida. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, siwezi kukupa lecture ya uchumi wa maji. Lakini jerikeni naijua: lita 20. Shirika la UNHCR linasema hicho ndicho kiwango cha chini ambacho mkimbizi mmoja anafaa kupata kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Mwendesha baiskeli kwenye lile joto anaweza kunywa nusu yake peke yake. Watatu wakiomba "kidogo tu", wamemaliza jerikeni ya mtu aliyeibeba kichwani.

Najua utaniambia mgeni hauziwi maji, ni utu. Ni kweli, na ndiyo maana watakupa hata wakiwa nayo kidogo. Hiyo misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa, 2020 hadi mwisho wa 2022, iliua mifugo wengi sana huko, na bado mpita njia alipewa kikombe. Utu wa mwenyeji si ruhusa ya mgeni kuufanya mfereji. Hata wahenga walimpa mgeni siku mbili tu, ya tatu jembe.

Na usidhani ziwa litakuokoa. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi la kudumu duniani lililo jangwani, lakini maji yake yana chumvi na madini ya floridi yanayoharibu meno na mifupa. Wanaokaa kando yake huyanywa kwa kukosa mengine. Pia ghuba yenyewe haiaminiki. Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha samaki pale Kalokol, halafu miaka ya themanini ziwa likarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mradi mkubwa, pesa nyingi, na wafugaji waliojua tabia ya maji ya huko hawakusikizwa vya kutosha. Siku hizi maji yamerudi na wavuvi wako kazini. Somo ni lile lile: ukija Turkana, anza na wenye maji.

Sisemi tusiende. Twendeni, tena wengi. Baiskeli si mchezo wa wazungu peke yao. Nenda Kakuma uone vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli ndani ya kambi, hiyo ndiyo kazi yao. Simama Namoratung'a uone nguzo za mawe zilizosimamishwa na watu maelfu ya miaka iliyopita, kisha uniambie tena kwamba hapo hakuna kitu.

Lakini bajeti ya safari iwe na laini ya maji, kama vile ina laini ya tyubu na chakula. Jaza Lodwar kadiri baiskeli inavyobeba. Njiani nunua, patana bei kwanza, na kisima kikiwa na foleni, panga foleni. Kaunti nayo iweke vituo vya maji vya kulipia kwenye barabara hiyo, visimamiwe na vikundi vya hapo. Mtoto wa shule na mchungaji watavitumia kila siku. Sisi tutapita mara moja kwa mwaka na kuacha pesa.

Na ukipiga ile picha, mwombe mama wa jerikeni ruhusa, umweke ndani. Akikataa, basi badilisha caption.