Binti amekua, baiskeli aiache?

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza kwa kukiri kosa.

Mwaka jana binti yangu alipotimiza miaka 13, nilimwita chumbani nikamwambia: "Umeshakuwa mkubwa sasa. Baiskeli muachie kaka yako." Hakubisha. Aliiegemeza ukutani nyuma ya nyumba, na mvua za masika zikaikuta palepale.

Maneno yale sikuyatunga mimi. Niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake. Kama umelelewa kama mimi, unayajua: msichana akipanda baiskeli "anaharibika". Hakuna aliyetueleza anaharibika vipi, na sisi hatukuthubutu kuuliza.

Likizo ya Juni ilipokaribia, baba yao akaja na wazo. Yeye ni mzaliwa wa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako baiskeli ni miguu ya pili ya mtu. Akasema safari hii tushuke kwenye basi Mang'ula, tumalizie kwa baiskeli hadi Ifakara. Ni kilomita zisizozidi 50, na tungezigawa kwa siku mbili.

Kijana wetu wa miaka 15 aliruka kwa furaha. Binti akaendelea kuosha vyombo.

"Mimi nitabaki," alisema bila kugeuka. "Mama alisema nimekuwa mkubwa."

Baba yao akanitazama. Sikuwa na jibu. Nikajikuta nasema, "Basi na mimi nitapanda."

Nina miaka 41 na sikuwahi kujua baiskeli. Kwa wiki tatu, kila jioni, binti ndiye aliyenifundisha, ameshika kerea kwa nyuma kama baba yake alivyomshika yeye akiwa na miaka sita. Siku aliyoiachia bila kuniambia, nilikwenda hatua kama ishirini kabla ya kugundua. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka vile.

Kulia mlima, kushoto mpunga

Tuliondoka Mang'ula saa mbili asubuhi. Wenyeji walitukataza kutoka alfajiri, kwa sababu eneo lile ni ushoroba wa tembo wanaopita kati ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Barabara yenyewe imejengewa njia ya tembo kupita chini yake. Mwenye njia umuachie njia yake.

Ukielekea Ifakara, milima ya Udzungwa inakuwa kulia kwako, imevaa msitu kutoka juu hadi karibu na barabara. Ndani ya msitu huo wamo mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawaishi porini kokote nje ya Tanzania. Kushoto bonde limetandaza mpunga, migomba na miwa. Vijito vinashuka mlimani na maji ya baridi, na kila tulipokuta daraja dogo tulishuka kunawa uso.

Juni ni wakati wa mavuno. Tulipishana na baiskeli zilizobeba magunia ya mpunga, wengi wa waendeshaji wakiwa wanawake, baadhi na mtoto mgongoni. Binti aliwahesabu. Alipofika kumi na saba akaacha.

Lakini nisikudanganye kwamba yote yalikuwa mazuri. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara sasa ina lami, na lami imeleta mwendo. Kabla ya Kisawasawa lori lilipiga honi nyuma yetu. Nikapiga ukelele: "Toka! Toka barabarani!" Binti alishtuka, usukani ukayumba, akaangukia kwenye majani. Lori likapita.

Goti lilichubuka. Nilimkimbilia natetemeka, na ulimi ulikuwa tayari kusema "si nilikwambia". Akaniwahi.

"Mama, lori nilikuwa nimeliona. Kelele zako ndizo zimeniangusha."

Nilinyamaza. Nikamfunga goti kwa kitambaa, tukaendelea.

Maneno ya wifi

Usiku tulilala Kiberege kwa wifi yangu. Watoto walimpa shikamoo, naye akawaonyesha Phoenix yake iliyochoka rangi lakini cheni inang'aa mafuta. Baada ya wali na samaki wa mto, akanigeukia.

"Wifi, nasikia ulimkataza mtoto baiskeli?"

Nikajaribu kujitetea, kwamba amekua, watu watasema.

"Watu?" akasema. "Mwanangu wa pili alipopata degedege usiku, baba yake alikuwa kambini mtoni anavua. Hao watu walikuwa wamelala. Nilimfunga mgongoni nikakanyaga hadi zahanati. Leo ana watoto wawili. Ningekuwa namsubiri mwanaume mwenye baiskeli, ningezika."

Binti alikuwa amekaa pembeni, anajifanya anachezea simu.

Niliporudi mjini nilimuuliza muuguzi rafiki yangu kuhusu lile neno "kuharibika". Alisema baiskeli haimwondolei msichana utu wala heshima, na kwamba hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kuthibitisha bikira. Hata Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2018 kuwa upimaji wa bikira hauna msingi wa kisayansi. Kinachomuumiza msichana kwenye baiskeli ni kiti kibovu au kilichokaa vibaya, na kinamuumiza mvulana vilevile. Hicho kinarekebishwa kwa spana.

Siku ya pili tulipita Ifakara mjini tukaendelea kilomita chache hadi Daraja la Magufuli, juu ya Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384. Baba yao aliwasimulia alivyokuwa akisubiri kivuko pale akiwa mdogo, na jinsi maji yale yanavyokwenda kukutana na Luwegu, wakazaa Rufiji hadi baharini. Binti hakusubiri hadithi iishe. Alikuwa ameshafika katikati ya daraja, kofia mgongoni, anatupungia mkono tumfuate.

Ukitaka kujaribu na wanao

Si lazima uende Kilombero. Karibu kila wilaya ina njia ya bondeni au pembeni ya msitu. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Peleka baiskeli kwa fundi wiki moja kabla, si asubuhi ya safari. Akague breki zote mbili, cheni, tairi na nati za magurudumu. Beba pampu, viraka na gundi, tyubu ya akiba na spana.

Rekebisha kiti. Mtoto anayejifunza aweze kugusa chini kwa vidole. Aliyezoea, mguu wake ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini kabisa.

Pangeni umbali kwa uwezo wa aliye dhaifu zaidi. Kwetu alikuwa mimi. Kilomita 20 hadi 25 kwa siku zilitosha, na saa sita mchana tulikuwa kivulini.

Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mzoefu mbele na mtu mzima mwisho. Vaeni kofia ngumu na nguo za rangi inayoonekana. Kelele iwe ya mwisho. Kubalianeni ishara kabla ya kuondoka. Sisi tulianza kutumia filimbi baada ya lile lori, mlio mmojammoja kumaanisha "gari nyuma".

Waulizeni wenyeji kuhusu wanyama, mto na njia ya vijijini inayoepuka magari. Msiingie ndani ya hifadhi bila kibali, na msioge mtoni msikoujua, kwa sababu mamba hana taarifa kwamba mko likizo.

Maji yawe mengi kuliko mnavyodhani. Miwa na ndizi mtanunua njiani.

Baiskeli ya binti sasa imerudi barazani. Jumamosi anaendea sokoni, na jirani mmoja ameshaniuliza kwa sauti ya chini kama sioni mtoto amekua. Nilimjibu naona, ndiyo maana nimempandishia kiti.

Juzi binti amekuja na swali lake. Anataka mwakani tutoke Ifakara tupande hadi Mahenge. Nimemwambia kule ni milima mitupu.

"Najua, mama," akasema. "Nitakushikia kerea."