Kombi Yetu Isiuzwe, Wala Isiachiwe Mtu Mmoja



Mwaka huu jamaa wa Nasim ya Riyadh na jamaa wa Nasim ya Jeddah tumekuwa na mazungumzo marefu juu ya gari letu la zamani, Volkswagen kombi ya 1974, ambayo karibu kila mtoto wa familia zetu amewahi kulala ndani yake. Wako wanaotaka iuzwe. Wako wanaotaka ipakwe rangi iwekwe uani iwe pambo. Na wako vijana wanaotaka injini yake ing'olewe, itiwe nyingine ya kisasa. Nimetakiwa nitoe rai yangu katika kitabu chetu cha mwaka, nami naitoa bila ya kuzunguka: kombi isiuzwe, isifanywe pambo, itembee. Lakini itembee kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba isiwe tena mikononi mwa mtu mmoja.

Sababu ya kuyasema haya sasa mnaijua. Binamu yetu ambaye ameishika injini hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini amemaliza kazi yake hapa, na baada ya Idi anarudi Mombasa kwa kukaa. Sisi wengine tumekuwa tukishika taa, tukipeleka chai, tukisifu. Akiondoka yeye, ilimu yote inaondoka naye katika ndege moja.

Kwanza yafaa vijana wajue gari hili ni gari gani. Mholanzi mmoja, Ben Pon, alilichora umbo lake katika karatasi mwaka 1947, na mwaka 1950 likaanza kutoka kiwandani Ujerumani. Jina la kombi limefupishwa kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya gari la matumizi ya namna nyingi: la watu na la mizigo. Tangu 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda, makabati na mapazia ili watu wasafiri na kulala humo. Umbo kama la letu, lenye kioo kimoja kipana mbele, lilianza 1967, na huko Brazil liliendelea kuundwa mpaka mwisho wa 2013. Kwa hiyo anayesema kwamba spea zake zimekwisha duniani hajasema kweli. Gasketi, pistoni, mikanda na vali mpya bado vinapatikana kwa kuagizia. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza mapema, kabla cha zamani hakijavunjika.

Wala mtu asidhani kwamba kupenda gari la namna hii ni mchezo wa Wazungu tulioiga ugenini. Kwetu Afrika Mashariki neno kombi limeingia katika Kiswahili kama neno letu wenyewe. Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, ambayo injini yake ni ya ukoo mmoja na ya kombi, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, katika matope na vumbi ambavyo magari makubwa yalishindwa navyo. Kenya, kombi zilikatwa mapaa yakawa ya kuinuka ili watalii wasimame kutazama wanyama. Unguja, mafundi seremala walichukua malori ya Bedford wakayajengea bodi na viti vya mbao. Dar es Salaam walikuwa na chai maharage zao, gari ndogo za mizigo zilizotiwa mabenchi, abiria wakatazamana. Wazee wetu walikuwa wakilibadili gari lifuate haja yao kabla sisi hatujajua kushika spana.

Sasa nije kwenye injini, maana humo ndimo zilimo hoja za pande zote. Injini ya kombi yetu haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo. Wenzetu wa Jeddah hutucheka kwamba sisi tunakaa mtaa unaoitwa Nasim, yaani upepo mwanana, na upepo wenyewe mwezi wa Julai unatoka kama wa tanuri. Mzaha huo una maana, kwani injini hii haina kinywaji ila upepo huo huo. Feni huvuta upepo na kuupitisha juu ya silinda nne, na feni hiyo huzungushwa na mkanda mmoja tu, ambao pia huzungusha kinachotia chaji betri. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka. Dereva asiyejua husema, “Ah, ni betri, tutaitazama tukifika,” akaendelea. Kumbe feni nayo imesimama, na mwendo wa dakika chache humtosha kuiunguza injini. Anayejua huzima palepale, hungoja ipoe, hutoa mkanda wa akiba na spana, na baada ya kitambo yuko njiani tena.

Tazameni basi tofauti ya watu wawili hao. Gari ni moja, njia ni moja, mkanda ni mmoja. Aliyeokoka ameokolewa na maarifa ya dakika kumi. Ndiyo maana nasema asiyeweza kubadili mkanda kwa mikono yake asipewe ufunguo, awe mtoto wa nani.

Mengine nayo si mageni wala si magumu. Mianya ya vali hupimwa kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi, na kipimo chake ni milimita 0.15. Oili ni lita mbili na nusu tu, na haina filta ya karatasi bali chujio la waya, kwa hiyo lazima imwagwe mapema, hasa katika vumbi letu hili. Mabati yanayozunguka silinda, na mpira unaoziba pembezoni mwa chumba cha injini, havikuwekwa kwa urembo. Huuzuia upepo uliokwisha pata moto usirudi kuvutwa tena na feni. Mtu akiyatupa mabati hayo kwa kuona yanamzuia mkono, ameifunga injini pua.

Vijana wanaotaka injini ya kisasa nawasikia. Ulaya na Marekani wako waliotia injini za Subaru zenye maji wakafanikiwa, wala sisemi kwamba jambo hilo ni haramu. Lakini nauliza: haja yetu ni nini? Kama ni mwendo, kombi haina pua, na kilichoko mbele ya magoti ya dereva ni bati na kioo. Katika barabara hizi kuu zinazoruhusu kilomita 120 na zaidi, upepo wa ubavuni huisukuma kama jahazi, na lori likipita ndiyo zaidi. Kuitia nguvu mara mbili ni kuwapa watoto wetu hatari mara mbili. Kama haja ni ubaridi, safari zake ziwe za majira ya baridi, wakati wenyeji nao wanapotoka kwenda kashta Thumama na majangwani. Wakati wa joto la digrii 45 bibi zetu wapande gari la kiyoyozi, wala haitakuwa aibu kwa mtu.

Mabadiliko ninayoyataka mimi ni ya namna nyingine. Vitanda na mapazia vimetosha. Nataka kila kiti kiwe na mkanda wa kujifunga, wa nyuma kama wa mbele, na mtoto asilale kitandani gari likiwa linakwenda. Nataka mipira ya petroli ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana mizima, kwa sababu joto la hapa huikausha ikapasuka, na petroli ikadondokea injini ya moto. Mwili wa injini hii umeundwa kwa madini yenye magnesiamu, na ikishika moto sawasawa maji hayaizimi. Kwa hiyo kizima moto kikae karibu na dereva, si chini ya magodoro. Mtungi wa gesi ya kupikia ufungwe kabisa kabla ya safari. Na breki zitazamwe kabla ya kila mteremko mrefu.

Juu ya mteremko, wako wanaojivunia kuishusha kombi katika barabara ya Al-Hada, iliyofunguliwa 1965, yenye kona zinazopinda kama nyoka kutoka Taif. Mandhari yake ni ya ajabu, sikatai. Lakini familia zinazotoka Riyadh kwenda Umra zina njia ya As-Sail al-Kabir, ambako ndiko kwenye mikati yetu ya Qarn al-Manazil, na mteremko wake ni wa pole. Tupite huko, tuhirimie tukiwa na raha, na Al-Hada twende siku gari likiwa tupu.

Nirudi sasa kwenye jambo la watu, kwa kuwa gari ni chuma tu. Nimesomesha kwa miaka mingi, na kabla ya shule ya sekondari nilikaa chuoni na ubao wangu mapajani. Mwalimu wa chuoni hakumruhusu mtoto kupita sura kwa kumsikiliza mwenzake. Kila mmoja alikwenda mbele yake, akasoma kwa ulimi wake, akakosea, akarudishwa, akasoma tena. Huko sekondari tulifundishwa joto na upepo kwa chaki, tukaandika majibu mazuri, na wengi wetu hatukuwahi kugusa mashine. Kombi imetupa nafasi ya kuziunganisha ilimu hizo mbili. Kijana apimwe kwa mikono yake mbele ya anayejua, kama tulivyopimwa kwa ndimi zetu.

Na ninaposema kijana, nakusudia na mabinti. Tangu tarehe 24 Juni 2018 wanawake wanaendesha magari katika nchi hii. Mabinti zetu wanaendesha kwenda vyuoni na makazini, na wapo wanaoendesha kwa adabu kuliko kaka zao. Haiwezekani tukawapa usukani tukawanyima spana. Baba asiyependa bintiye akae gereji katikati ya wanaume na afungue uani kwake siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, aje yeye na mama watoto na shangazi, gari liletwe hapo.

Liko pia jambo la lugha. Wajukuu zetu ukiwasemesha Kiswahili mezani hukujibu kwa Kiarabu, na sikuwalaumu, maana ndiyo lugha ya shule na ya njiani. Lakini chini ya kombi nimewasikia wakisema wenyewe: lete bisbisi, legeza nati, kaza kidogo, shika taa vizuri. Hakuna aliyewalazimisha. Maneno yamekuja pamoja na kazi. Mimi niliyekuwa nikisahihisha madaftari ya watoto kwa wino mwekundu nasema kwamba darasa hilo la Ijumaa lina nguvu kuliko somo lolote ninaloweza kuwatungia. Wengi wetu hapa tunakaa nyumba za kupanga, na iqama huisha muda wake. Vitu vinavyoweza kuitwa vyetu sote ni vichache. Tukiuza hiki kwa mtu wa kukusanya magari ya kale, tutagawana riyali ambazo hazitamaliza mwezi, na Ijumaa zetu zitarudi kwenye simu za mkononi.

Pamoja na hayo, sitaki mapenzi yatufumbe macho. Wanaotaka kuuza wana hoja moja ya kweli: gari la zamani lisilotunzwa ni hatari, na kulipenda hakulifungi breki. Kwa hiyo napendekeza hivi. Kabla ya binamu yetu kuondoka, akae Ijumaa nane na vijana, na kila kazi ifundishwe watu wawili, mmoja wa Riyadh na mmoja wa Jeddah. Daftari moja liandikwe kwa Kiswahili, lenye tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aliyebadilisha. Kila nyumba itoe mchango mdogo wa spea kila mwezi, na mkanda, mipira ya petroli, plagi na pointi vikae akiba katika sanduku chini ya kiti. Na mwezi wa Shawwal wa mwaka ujao tuwaite vijana wanne, wake kwa waume, wapime vali, wamwage oili na wabadili mkanda mbele yetu bila ya kuambiwa neno.

Wakiweza, kombi ibaki na watu wasiizungumze tena habari ya kuuza. Wasipoweza, nitakuwa wa kwanza kutia sahihi karatasi ya kuiuza, na nitafanya hivyo nikijua kwamba tumeuza kwa sababu ya uvivu wetu, si kwa uzee wa gari. Wazazi wenye vijana wanaotaka kujifunza na wayapeleke majina yao kwa wazee wa kila Nasim kabla ya mwezi huu kwisha.

Wabillahi tawfiq.