Theluji Si Mgeni Kwetu

Wako walimu wenzetu, Shinyanga hata Geita, wasemao ya kuwa neno theluji liondolewe katika masomo ya watoto wetu. Hoja yao ni hii: mtoto wa Usukuma ajua jua, ajua vumbi, ajua mvua inapokawia, theluji hakuiona, wala baba yake hakuiona, basi yamfaa nini? Wengine huongeza kwamba hata katika Zaburi ya 51 na katika Isaya mlango wa kwanza, panaponenwa weupe wa theluji, ingefaa isomwe pamba, kwa kuwa pamba ndiyo nyeupe tuijuayo huku, nayo imewajengea wengi nyumba na kuwalipia karo. Wako na wengine, nao ndio wengi zaidi, wasiotaka kuliondoa neno hilo, illa hulifundisha kama jina la kitu cha Ulaya: mwanafunzi alikariri, aliandike, kisha alisahau. Makundi haya mawili hudhani kwamba yapingana. Sisi twasema kosa lao ni moja, maana wote wameamini ya kuwa theluji si mali yetu. Nasi twasema ni yetu.

Kwanza hatuna budi kuungama, maana kosa hili tumelifanya kwa mikono yetu. Tulipokuwa tukifundisha darasa la tano katika shule moja ya kijijini, karibu na machimbo ya dhahabu upande wa Geita, tulitoa jaribio. Swali moja lilikuwa hili: Theluji huonekana wapi? Jibu lililokuwa katika daftari letu ni nchi za Ulaya. Binti mmoja akaandika: Kwa bibi. Tukacheka, tukatia alama ya kosa, tena tukalisoma jibu lake mbele ya darasa ili wenzake nao wacheke. Wakacheka. Yeye akainama asiseme neno, na tangu siku hiyo hakunyosha tena mkono.

Baada ya siku chache mama yake alitujia. Akatueleza kwa adabu ya kuwa mumewe alikuja huku kutafuta kazi ya machimbo, na kwamba binti huyo alilelewa Machame kwa bibi yake mpaka alipomaliza darasa la tatu. Kila asubuhi mbingu zilipokuwa safi, akitoka kwenda shule, aliiona Kibo juu ya migomba, nyeupe. Na kabla ya adhuhuri mawingu huifunika. "Mwalimu," akasema, "mtoto hakubahatisha. Ameandika alichokiona." Hatukuwa na la kujibu. Katika darasa lile lote palikuwa na mtu mmoja tu aliyepata kuiona theluji kwa macho yake, naye ndiye tuliyemwandikia kosa.

Kosa kama letu lina umri wa zaidi ya miaka 170. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchaga akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na jina la kitu chenyewe, ila alijibu kwamba ni baridi. Rebmann, mzaliwa wa Ujerumani, alitambua mara moja kwamba ni theluji. Habari yake ikapigwa chapa London mwaka 1849. Na tarehe 3 Desemba mwaka huo huo mwenzake Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika Ukambani, aliuona Mlima Kenya nao una weupe.

Palikuwa na bwana mmoja London, mjuzi wa ramani, jina lake William Desborough Cooley. Bwana huyo hakupata kukanyaga nchi hizi, walakini alikataa katakata: karibu na ikweta theluji haiwezi kuwapo, na mmisionari yule macho yamemdanganya. Wakuu wengine wa elimu wakamsadiki yeye. Ikapita miaka zaidi ya kumi, hata Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima sehemu yake mwaka 1861, akarudi tena mwaka 1862 akaangukiwa na theluji. Mwaka 1871 Charles New akaifikia theluji yenyewe. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni.

Basi pimeni wenyewe. Cooley alikuwa na vitabu, Rebmann alikuwa na macho. Sisi katika darasa lile tulikuwa Cooley.

Tena tusiseme ya kuwa Rebmann ndiye aliyeivumbua. Wachaga walikwisha kumsimulia habari za watu waliotumwa zamani na mfalme wa Machame wakatazame kitu kile cheupe ni nini, nao wakafa kwa baridi, asirudi ila mmoja, naye ameharibika mikono na miguu. Walijua pia ya kuwa kikishushwa chini hugeuka maji. Hiyo ni elimu, tena iliyonunuliwa kwa roho za watu. Jirani zao nao walijua. Wakamba waliuita mlima ule Kiima Kyeu, Wamasai waliuita Oldoinyo Oibor, na majina yote mawili maana yake ni mlima mweupe. Na mpakani mwa Uganda na Kongo, Wakonzo wakaao chini ya Ruwenzori wana neno lao wenyewe la theluji, nalo ni nzururu. Kwa neno hilo nchi yao huitwa Rwenzururu, na ndilo jina la ufalme wao uliotambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Ni nani atakayekwenda kuwaambia Wakonzo ya kuwa theluji ni kitu cha Ulaya?

Hata neno theluji halikuja na Wazungu. Limetoka katika Kiarabu, kama vile barafu lilivyotoka katika Kiajemi, na yote mawili yametufikia kwa njia ya bahari, kama yalivyotufikia maneno mengi tuyatumiayo kila siku pasipo kuyauliza kwao. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili limekaa kwetu siku nyingi mno, nasi twalipa kigoda tu likae barazani. Tulipe jembe.

Mtu aweza kuuliza: nitamfundishaje mtoto wa Shinyanga kitu asichokiona? Twajibu: aanze na akionacho. Mvua ya mawe aijua, maana imekwisha kumvunjia baba yake mtama na kuangusha pamba shambani. Barafu aijua, huinunua mlangoni pa shule katika kifuko cha nailoni, nyekundu kwa ubuyu, na akifika Mwanza huwaona sangara wamelazwa juu yake. Tena afungue friza ya zamani dukani, atazame ule unga mweupe ulioganda pembeni. Huo haukumwagwa na mtu. Ni mvuke wa hewa ulioganda pasipo kuwa maji kwanza, nao ni ndugu wa sakitu, ile iangukayo usiku katika nyanda za juu za Makete na Kitulo na kuunguza majani ya viazi.

Akisha kuyaona hayo, mwalimu amwambie tofauti. Barafu ni maji yaliyoganda. Mvua ya mawe ni matone yaliyorushwa juu na chini katika wingu la radhi na kuongezewa ganda juu ya ganda. Theluji huzaliwa winguni kwa mvuke ulioganda, chembe ndogo zenye pembe sita, nyepesi, zishukazo polepole. Mtoto wa Mwadui, palipovumbuliwa almasi mwaka 1940, hatashindwa kuelewa habari za chembe zenye pembe.

Kisha ampe hesabu. Mtu akipanda mlima, joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila meta elfu moja. Ziwa la Nyanza liko meta 1,134 juu ya bahari. Kilele cha Kibo kiko meta 5,895. Siku ambayo Mwanza ni nyuzi 25, je, kileleni ni ngapi? Mtoto atatoa, atazidisha, naye ataona mwenyewe ya kuwa ni chini ya sifuri. Hesabu hiyo tu, ambayo darasa la saba waiweza, yatosha kumjibu Cooley.

Na wale wapendao pamba badala ya theluji twawaambia hivi. Pamba ni nyeupe, hatukatai. Lakini pamba haiyeyuki. Ukiiweka juani yakauka, bali theluji ukiiweka juani yakuachia maji mkononi na baridi katika mifupa. Mwenye kuandika theluji alitaka msomaji afikiri weupe ushukao kutoka juu, usiotengenezwa na mkono wa mtu. Tukibadili neno kwa kuwa msomaji hajui kitu, tutabadili mangapi? Huku hatuna bahari; je, tufute bahari?

Wala tusiipambe theluji kwa sifa isizo nazo. Wengine hufundisha ya kuwa mito ya Kilimanjaro yote hutoka katika theluji. Sivyo, sehemu kubwa ya maji yale hutoka katika mvua inyeshayo msituni, chini ya barafu. Anayetaka kuilinda mito ile na aulinde msitu.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo litufanyalo tuandike kwa haraka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2. Hewa ya mlimani imekauka tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na joto la dunia limeongezeka juu yake. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza ya kuwa barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Watoto tulio nao darasani leo watakuwa watu wazima wenye watoto wao. Wataulizwa: Mama, ilikuwaje? Wakiwa wamefundishwa kwamba theluji ni ya Ulaya, hawatajua hata kwamba wamefiwa.

Basi twaomba mambo matatu kwa walimu wenzetu. Daftari la majibu lisihesabiwe kuwa na macho kuliko mwanafunzi. Jibu likituonekea la ajabu, tumwulize kwanza, ndipo tutie alama. Somo la theluji lianzie Kibo na Ruwenzori, kisha liende Ulaya, lisianzie huko. Nasi tulio katika nchi ambayo mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, au Kabula akiwa mwanamke, tusione haya kusema ya kuwa mambo ya mbingu yatuhusu, yawe ya Shinyanga au ya Machame.

Binti yule tulimwita mbele ya darasa lile lile lililomcheka. Tukafuta alama ya kosa, tukamwandikia sahihi, kisha tukamwomba awaeleze wenzake. Alisimama kitambo akitazama chini. Kisha akasema ya kuwa asubuhi ni nyeupe, na jua likichomoza huwa nyekundu kidogo kabla ya kuwa nyeupe tena. Hatukuwa tumelisoma hilo katika kitabu chochote. Tukaliandika ubaoni.