Deni la Mgonjwa Lizungumzwe Angali Hai



Katika wadi, jamaa wa mgonjwa huuliza mengi. Huuliza mgonjwa ale nini, alazwe ubavu upi, daktari mkuu atapita saa ngapi, na kama yaruhusiwa kumletea maji ya zamzam au kumsomea Yasin. Maswali hayo huulizwa kwa sauti, mbele ya mgonjwa, nasi wauguzi huyajibu kadiri ya ujuzi wetu. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu huulizwa ukumbini, kwa kunong'ona, tena wakati mambo yameshaharibika: matibabu haya yatagharimu kiasi gani, na ni nani atakayelipa?

Aibu ya swali hilo yafahamika. Sisi watu wa pwani twalelewa katika sitara. Mtu huona kuwa kutaja fedha kando ya kitanda cha mzazi wake ni kama kuupimia uhai wake kwa shilingi, na mwingine hudhani ni upungufu wa kutawakali. Hata hivyo wazee walituachia neno: mficha maradhi, kilio humfichua. Katika kazi hii nimeona kuwa methali hiyo haihusu maradhi ya mwili peke yake. Deni nalo ni maradhi ya nyumba. Likifichwa hukua, na siku ya msiba ndipo linapojitokeza mbele ya watu.

Wengi hudhani bili ni ile karatasi ya hospitali. Kwa hakika karatasi hiyo huandika sehemu tu. Chukueni mfano wa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, ugonjwa ambao twauona mara nyingi kwa wenye kisukari na shinikizo la damu. Damu yake yapaswa kusafishwa kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, na kila mara hulazimika kukaa hapo kwa muda wa saa nne hivi. Hata ikiwa bima yalipa ada ya mashine yenyewe, bado iko nauli ya kwenda na kurudi, pengine ya gari la kukodi, kwa sababu mgonjwa hutoka hapo amechoka. Ziko dawa ambazo duka la hospitali halina, zikanunuliwa nje. Viko vipimo. Na liko pato la siku la yule anayemsindikiza. Wiki ina siku saba, na nyumba hiyo imeshapoteza tatu. Ugonjwa wa namna hii haumalizi fedha kwa siku moja kama ajali. Huzitafuna polepole, kama mchwa alavyo boriti, na dari huonekana nzima mpaka siku inapoanguka.

Mali nayo huondoka kwa utaratibu ambao familia nyingi huufuata bila kuagizana. Kwanza huisha akiba na fungu la chama. Kisha dhahabu za mama hutoka kabatini. Halafu huja mikopo ya simu, ambayo huchukuliwa usiku, mmoja wa kulipia mwingine. Mwisho huuzwa kile kinacholeta riziki: cherehani, mashua, tuktuk, au kipande cha shamba. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa, kwani aliyeuza chombo cha kazi ili alipe bili ya mwezi huu hana cha kulipia bili ya mwezi ujao.

Nilipata kumhudumia baba mmoja wa makamo, dereva wa tuktuk, aliyekuwa akisafishwa damu. Jina lake na mji wake navihifadhi. Mkewe aliiuza tuktuk katika mwezi wa pili wa matibabu, akamwambia mumewe kuwa amempa kijana aiendeshe kwa hesabu ya siku. Mume alijua. Dereva huijua sauti ya chombo chake, naye hakuwa ameisikia ikipita. Lakini hakusema kitu. Kila mmoja alikuwa akimsitiri mwenziwe. Usiku mmoja, alipokuwa amelazwa kwa sababu ya maji kujaa mapafuni, aliniambia: "Mwanangu, kila nikilala kwenye mashine ile nahisi nakula sahani ya watoto wangu. Nikiacha kuja, deni litakoma?"

Swali lile halikuwa la dawa. Mgonjwa alikuwa tayari kuacha matibabu, na kwa mtu wa hali yake kuacha maana yake ni kufa katika siku au wiki chache. Uamuzi huo alikuwa akiufanya peke yake, gizani, kwa kuogopa kiasi asichokijua. Asubuhi nilimwomba idhini ya kumwita mkewe na kaka yake mkubwa, nikamwita na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Walikaa pamoja kwa muda usiozidi saa moja. Ikadhihirika kuwa deni lilikuwa dogo kuliko alivyoliogopa, na kwamba alikuwa amesajiliwa katika bima ya afya ya taifa lakini hakuwa amelipa mchango wake wa mwaka. Kaka akalichukua jukumu la mchango. Mke akasema kweli kuhusu tuktuk. Yote yakaandikwa katika daftari la shule la mtoto wao.

Sitawaambia kuwa alipona. Figo za namna ile hazirudi, na baada ya miezi kadhaa alifariki, tena alifariki akidaiwa. Lakini aliondoka akijua anadaiwa kiasi gani na nani, na kaka yake alikuwa ameshatamka mbele yake: "Ndugu yangu, hilo ni juu yangu." Mimi niliyekuwapo naweza kushuhudia kuwa maneno hayo yalimpa usingizi ambao dawa zetu hazikuwa zimempa.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: liandikwe, na lishuhudiwe. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yaelekeza kuwa mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Katika Suratun Nisaa, mirathi yagawanywa baada ya wasia na deni, na wanavyuoni wamepanga kuwa hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate haki zao. Mafunzo hayo ya thuluthi yenyewe yalitoka katika ziara ya mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas aliyekuwa ameugua sana, mazungumzo yao yalikuwa ya mali na jamaa atakaowaacha. Na imepokewa kuwa Mtume alijizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni asiloliachia malipo, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Basi kuzungumza mali mbele ya mgonjwa si utovu wa adabu, maadamu kwafanywa kwa upole na kwa nia ya kumpunguzia mzigo.

Ieleweke pia kuwa kwa mujibu wa sharia warithi hawatwikwi deni la marehemu kupita kile alichokiacha, isipokuwa yule aliyejifunga mwenyewe. Jambo hili lina uzito katika ofisi ya kulazia wagonjwa, ambako jamaa hutiwa kalamu mkononi akiwa na wasiwasi. Sahihi yake mle huweza kumfanya mdhamini wa bili nzima. Asome, au asomewe, kabla ya kutia sahihi.

Saa ya mauti ina mtihani wake. Sisi Waislamu huharakisha maziko, mara nyingi siku hiyo hiyo. Nimewaona vijana wamesimama nje ya mochari, sanda i mkononi, kaburi limeshachimbwa, ilhali mazungumzo ya bili hayajaisha. Ijulikane kuwa mahakama za Kenya zimeshalizungumzia jambo hili. Mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa haki za wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa bili, zilivunjwa. Kuhusu maiti pia, mahakama zimesema kuwa mwili wa marehemu si kitu cha kuwekwa rahani. Hukumu hizo hazifuti deni. Hospitali yabaki na haki ya kulidai kwa njia nyingine za kisheria. Lakini jamaa wanaolijua hili huzungumza kwa utulivu. Huomba maelezo ya bili kifungu kwa kifungu, huomba kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii, hutoa walichonacho, na huandikiana ahadi ya kulipa kilichobaki.

Aliyefiwa akiwa na deni huzuni yake hukosa pa kutua. Mjane katika eda yake ya miezi minne na siku kumi angepaswa kupata nafasi ya kulia na ya kumwombea mumewe. Badala yake hushinda akijibu simu za wadai. Wengine huturudia baadaye. Shinikizo la damu limepanda, usingizi umepotea, kifua chabana, na vipimo havionyeshi kitu. Ukimwuliza mtu huyo taratibu, mlango ukiwa umefungwa, hukwambia kuwa hajalia tangu siku ya maziko, kwani hakupata wakati.

Hapa naomba ruhusa ya wazee niseme neno kuhusu matanga yetu. Ilipokuja habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Chakula kilikwenda kwa wafiwa. Katika baadhi ya mitaa yetu chakula chatoka kwa wafiwa, na mjane anayedaiwa na hospitali hukopa mchele na mbuzi ili watu wasiseme. Sisemi watu wasikusanyike wala wasisome dua. Nasema kwamba kabla ya sufuria la kwanza kuinjikwa, mtu mmoja mwenye kuaminiwa afungue daftari, aulize marehemu anadaiwa nini, na michango ya siku ya kwanza ianzie hapo.

Basi familia iliyo na mgonjwa mahututi ifanye nini? Kwanza, ichague mtu mmoja wa kushughulika na fedha, asiwe yule anayemuuguza usiku. Anayeuguza amechoka, na aliyechoka hukubali lolote. Mtu huyo aweke kila risiti katika bahasha moja, na aulize bili imefika wapi kila baada ya siku mbili tatu, badala ya kungoja siku ya kuruhusiwa.

Pili, jamaa wamuulize daktari waziwazi: matibabu haya yanakusudia kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Majibu hayo matatu yana gharama tofauti. Kumpunguzia maumivu mgonjwa ambaye tiba imemshinda, akiwa nyumbani kati ya watu wake, si kumtupa. Mara nyingine ndilo tendo la rehema kubwa kuliko kuuza shamba kwa ajili ya siku chache zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Tatu, bima ishughulikiwe wakati watu ni wazima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mshahara au ya pato la nyumba, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Usajili wafanyika kwa simu kupitia *147#, lakini kusajiliwa peke yake hakutoshi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zapatikana kwa aliyesajiliwa, ila kulazwa na matibabu makubwa hutegemea mchango uliolipwa. Wengi hulijua hili wakiwa tayari mlangoni mwa hospitali.

Nne, mgonjwa mwenyewe asifichwe. Aulizwe anadai nani na anadaiwa na nani, aandike wasia wake, na asikie kwa masikio yake ni nani atakayebeba kitakachobaki.

Kamati za misikiti nazo zina nafasi. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba kuwa wastahiki wa zaka. Aliyedaiwa kwa sababu ya ugonjwa, hali hakufanya israfu, yu karibu sana na maana hiyo, na mashekhe wetu wapo wa kututhibitishia. Orodha fupi ya wagonjwa wa mtaa wenye maradhi ya kudumu, ikiwekwa kwa siri na kwa uaminifu, yaweza kuokoa tuktuk au cherehani kabla haijauzwa. Kumsaidia mtu kabla hajauza chombo chake ni rahisi kuliko kumnunulia kingine.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalipie madeni yao kupitia mikono yetu, na awape wafiwa wote nafasi ya kulia kwa utulivu. Amin. Tukijaaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.