Nabii Ibrahim (a.s.) Aliomba Amani Kabla ya Matunda

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila baada ya Swala ya Ijumaa husikika malalamiko yale yale: vijana hawana kazi, viwanda vimejengwa kwengine, sisi tumesahauliwa. Wapo hata wanaodai kuwa mji umefungwa kwa uchawi. Hiyo ni itikadi batili, na ni kisingizio pia. Kampuni inayotafuta mahali pa kujenga haipigi ramli, hupiga hesabu. Yatupasa tujue inahesabu nini.

Mwaka 2016 Uganda ilipotafuta njia ya kufikisha mafuta yake ghafi baharini, ilipima njia ya Lamu na ile ya Tanga. Ikachaguliwa Tanga, kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,147 kati ya hizo zikiwa ndani ya Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni gharama, usalama wa njia na wepesi wa kupata ardhi. Hakuna hata moja inayopatikana kwa siku moja.

Jambo la kwanza, basi, ni amani. Katika Suratul-Baqara, aya ya 126, Nabii Ibrahim (a.s.) aliuombea mji wa Makka amani kwanza, kisha ndipo akawaombea watu wake matunda. Bonde lile halikuwa na mimea, lakini misafara ya biashara iliufuata mji huo. Na amani haisimami bila ya uadilifu. Mtwara, Mei 2013, wananchi walipoona gesi inapelekwa Dar es Salaam nao hawaoni fungu lao, zilizuka ghasia na roho zikapotea. Kwa hiyo serikali na makampuni nao wana wajibu: anayehamishwa alipwe haki yake kamili, na kwa wakati.

La pili ni uaminifu. Watu wa Madyan walionywa na Nabii Shuaib (a.s.) kwa kupunja vipimo, wakakaidi, wakaangamia. Sisi leo tunauza kiwanja kimoja kwa watu watatu, kisha tunashangaa mbona mwekezaji kapita mbali. Hata ardhi za wakfu katika misikiti yetu, nyingi hazina hati.

La tatu ni elimu. Bomba na bandari vinahitaji wachomeleaji, mafundi umeme, waendesha mitambo na wahasibu. Asipopatikana kijana wetu, ataletwa wa mbali, na wetu atabaki kuwa mlinzi getini. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Sisemi watoto waache Qur'ani. Nasema Imam al-Ghazali na Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya wameandika kuwa fani ambazo umma unazihitaji ni fardhi kifaya. Zisipopata wa kuzitekeleza, sote tunapata dhambi.

Atasema msemaji: makampuni yataleta pombe na uchafu. Khofu hiyo si ya bure. Lakini jamii iliyojipanga huweka masharti yake mapema katika vikao vya mtaa na kijiji. Iliyolala huletewa kila kitu, kizuri na kibaya, bila ya kuulizwa.

Kwa hiyo napendekeza kila msikiti ufanye mambo mawili mwaka huu. Kwanza, kamati ikamilishe hati za ardhi ya wakfu, na iwasaidie waumini kupata hati za mashamba yao. Pili, fedha tunazomwaga katika shughuli zisizokuwa na asili katika Sunna zisomeshe angalau vijana wawili katika vyuo vya ufundi vya VETA.

Riziki iko mikononi mwa Allah, lakini ametuamrisha tuitafute. Tusiombe matunda hali tunaiharibu amani na amana.

Wabillahi tawfiq.