Luciano Vassallo: nahodha aliyeshinda AFCON nyumbani, akafia Italia

Tangu Septemba 2023, CAF ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa fainali za AFCON 2027, mazungumzo ya mpira kwenye vijiwe vya Msasani na Tukuyu mjini yamekuwa yakizunguka maswali mawili: tutafika wapi, na nani atufundishe. La pili liliongezeka ukali Novemba 2025, pale Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, alipoachana na Taifa Stars wiki chache kabla ya fainali ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyeifikisha timu. Nafasi yake akapewa Muargentina Miguel Gamondi.

Tunaona kuna kisa kimoja cha ukanda wetu kinachostahili kusikika katika mjadala huu, nacho hakitajwi sana. Katika nchi zote za CECAFA ni mbili tu zilizowahi kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika: Ethiopia mwaka 1962 na Sudan mwaka 1970. Zote mbili zililitwaa zikiwa wenyeji. Uganda ililikaribia mwaka 1978, ikafungwa na Ghana kwenye fainali. Basi kwa kuwa sasa wenyeji ni sisi, inafaa kumjua aliyelipokea kombe lile la 1962. Jina lake halikuwa la Kihabeshi. Aliitwa Luciano Vassallo.

Alizaliwa Asmara mwaka 1935, Eritrea ikiwa koloni la Italia. Mama alikuwa Mweritrea, baba askari wa Kiitaliano. Mwaka 1940 utawala wa Mussolini ulipitisha sheria iliyowazuia baba wa Kiitaliano kuwatambua watoto waliozaa na wanawake wa makoloni. Kwa Waitaliano, Luciano hakuwa Mtaliano. Kwa majirani wa Asmara alikuwa chotara mwenye jina la mkoloni. Alikua akijifunza ufundi makanika, na mpira akaujua mtaani kama wengi wetu.

Mwaka 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa mfumo wa shirikisho, na milango ya timu ya taifa ya Ethiopia ikafunguka kwa vijana wa Asmara. Vassallo aliingia na hakutoka kwa karibu miaka ishirini. Alikuwa na mapafu ya kupanda na kushuka dakika zote, na alifunga mabao mengi kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa kiungo. Katika ngazi ya klabu aling'ara akiwa na Cotton ya Dire Dawa, timu ya kiwanda cha pamba, iliyotwaa ubingwa wa Ethiopia zaidi ya mara moja.

Januari 1962 fainali zilichezwa Addis Ababa. Zilikuwa timu nne tu, na mojawapo ilikuwa Uganda, miezi kadhaa kabla haijapata uhuru wake. Nusu fainali Ethiopia ilitanguliwa na Tunisia kwa mabao mawili, ikageuza na kushinda 4-2. Fainali ikawa dhidi ya Misri, iliyokuwa ikicheza kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu na ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Misri iliongoza mara mbili. Zikiwa zimebaki dakika chache mchezo uishe, Luciano akasawazisha na kuwa 2-2. Katika dakika za nyongeza ndugu yake, Italo Vassallo, akafunga la tatu, na Mengistu Worku akamaliza kazi. Nahodha Luciano akapanda kulipokea kombe mikononi mwa Mfalme Haile Selassie.

Husimuliwa kwamba wapo viongozi ambao hawakufurahia kuona mtu wa jina la Kiitaliano akipeana mkono na Mfalme siku hiyo, na kwamba kocha Yidnekachew Tessema ndiye aliyesimama naye. Tessema naye alikuwa mchezaji kabla ya kuwa kocha, na baadaye aliiongoza CAF kuanzia 1972 hadi kifo chake mwaka 1987. Kwa hiyo kombe lile lilitengenezwa na wachezaji wa hapo hapo, mmoja akiwa benchi na mwingine uwanjani.

Hapa ndipo wengi huishia wanapokisimulia kisa hiki. Sisi tunadhani sehemu nzito ni inayofuata.

Vassallo alipotundika viatu aligeukia ukocha, na akapata kuifundisha timu ya taifa ileile. Lakini mwaka 1974 Mfalme alipinduliwa, utawala wa kijeshi wa Derg ukashika nchi, na vita vya Eritrea vikapamba moto. Mtu wa Asmara, mwenye damu ya Kiitaliano, aliyepigwa picha na Mfalme, hakuwa na pa kujificha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikimbia na kuacha alichokuwa amekichuma. Akaishia Ostia, karibu na Roma, katika nchi ya baba yake ambayo haikumtambua utotoni. Huko alirudi kwenye gereji, na akawa akifundisha watoto mpira. Alifariki Septemba 2022 akiwa na miaka 87. Ethiopia haijalitwaa tena kombe hilo tangu siku ile ya 1962.

Hatusemi Ethiopia ilikauka kwa sababu ya mtu mmoja kuondoka. Mapinduzi, vita na njaa havihitaji msaada wa kocha kuua mpira. Tunachosema ni kwamba nchi ilikuwa na nahodha bingwa aliyekuwa tayari kufundisha kizazi kinachofuata, na alichokijua kikaishia kwa watoto wa Ostia.

Tusichanganye pia kisa hiki na mjadala wa Januari 2025, wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipopewa uraia wa Tanzania. Wale walikuja wakiwa wachezaji waliokamilika. Vassallo alizaliwa na kulelewa kwenye ardhi aliyoichezea, na bado akaulizwa ni wa nani.

Turudi nyumbani. Ukweli lazima usemwe: akiwa na Gamondi, Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa sare mbili dhidi ya Uganda na Tunisia, kabla ya kufungwa 1-0 na wenyeji Morocco Januari 2026. Anayedai mgeni hafai atueleze hilo kwanza. Lakini Gamondi alipokea timu iliyokwisha kufuzu, na mwenyeji aliyeifikisha pale aliitwa mara ya kwanza kuziba pengo, Januari 2024, baada ya CAF kumfungia Adel Amrouche katikati ya mashindano.

Italia yenyewe ilitatua jambo hili kwa shule. Pale Coverciano, Florence, mchezaji anayestaafu hukaa darasani kama mwanafunzi mwingine. Carlo Ancelotti, ambaye Brazil ilimchukua Mei 2025, alikuwa nyota wa Roma na Milan, lakini alipitia pale, akaandika tasnifu yake mwaka 1997, na kazi yake ya kwanza kama kocha mkuu ilikuwa Reggiana, timu ya daraja la pili. Hakuna aliyempa Milan siku ya kwanza.

Sisi wa Rungwe tuna sababu ya kulisikia hili kwa karibu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wao wa kwanza, wakawaacha Simba na Yanga wakishangaa. Kizazi kile kilijua kitu kuhusu kushinda kutoka kwenye mji mdogo wa baridi na migomba. Leseni za CAF huanza ngazi ya D, kisha C, B na A, na mchezaji mstaafu wa wilayani anayetaka kuanza ngazi ya chini kabisa lazima apate ada, nauli na siku za kuacha shamba. Wenye bajeti za AFCON 2027 wamezungumza sana kuhusu viwanja. Kuhusu nani atamlipia huyu ada ya kozi ya D, bado hatujasikia.